Shukrani za familia: Baba amerudi nyumbani

Bwana asifiwe. Sisi mke, watoto na ndugu za mzee wetu, fundi cherehani wa Kondele, Kisumu, ambaye wengi wenu mnamjua kwa sare za shule, tunawaletea habari ambayo wiki saba zilizopita hatukuthubutu hata kuiomba. Baba ametoka hospitalini. Ijumaa alilala kwake Nyalenda. Mama hakulala, alikesha akimsikiliza anavyopumua.

Wengi mmekuwa mkiuliza aliungua wapi. Baba hakuungua. Moto uliposhika vyumba vya nyuma vya jengo alimoshonea jioni ile, alitoka akiwa mzima. Akarudi mara mbili kuokoa cherehani na mafurushi ya sare, na mara zote mbili Mungu akamtoa. Alikuwa nje tayari, anapanga vitu kando ya ukuta. Mbao za paa zilizokuwa zikiushikilia ukuta ule juu zilikuwa zimeshakuwa makaa, ukuta umebaki peke yake, na ulipoanguka uliangukia upande wake. Baadaye mzimamoto mmoja alituambia kwamba jengo linalowaka usilisogelee: kaa mbali kwa urefu wa ukuta wenyewe na nusu yake tena. Sisi hatukulijua hilo. Tunaliandika kwa sababu usiku ule kulikuwa na watoto wamesimama palepale wakitazama moto.

Miguu yote miwili ilibanwa chini ya matofali na boriti ya zege, tangu saa mbili kasoro hadi baada ya saa tano usiku. Vijana wa bodaboda walifukua kwa mikono, matofali bado ya moto, mmoja akatoboka kiganja na akakataa kuondoka. Walipoifikia boriti walitaka kuiinua papo hapo, na sisi tulikuwa tunapiga kelele waiinue. Ndipo mhudumu wa ambulensi, kijana mdogo tu, akajilaza kifudifudi kwenye tope la maji ya zimamoto, akaupata mkono wa Baba, akasema, "Bado. Msimtoe kabla sijampa maji." Mama akakimbilia chupa ya maji ya kunywa. Kijana alikuwa na maana ya dripu. Akamtundikia, akatufanya tungoje, na mmoja wetu akamtukana.

Kijana, utusamehe. Kule hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, Russia yetu, daktari alitukalisha akatueleza. Nyama ya mguu iliyobanwa kwa saa nyingi huanza kufa, na uzito ukiondolewa ghafla sumu yake hukimbilia moyoni na kwenye figo. Mtu anatolewa akiongea vizuri, halafu anawafia mikononi. Dripu ile, kabla ya boriti kuinuliwa, ndiyo iliyompa Baba nafasi. Ulituomba jina lako tusilitaje, nasi tumekutii, lakini katika maombi ya nyumba hii linatajwa kila jioni.

Hata hivyo figo zilisimama. Siku kumi na moja Baba aliishi kwa mashine ya kusafisha damu. Siku ya tano madaktari walisema mguu wa kulia hauponi, na ukibaki utamwua. Mama ndiye aliyetia sahihi. Alishika kalamu muda mrefu mno, hata sista wa zamu akaja akapiga magoti kando ya kiti chake, asiseme neno, mpaka alipomaliza. Sista, Mungu akuone. Mguu ulikatwa chini ya goti. Siku ya kumi na mbili Baba alikojoa, na wodi nzima ilisikia tukimshukuru Mungu kwa mkojo.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi na wasafishaji wa wodi, zimamoto, bodaboda wa Kondele, wachuuzi wa soko la Kibuye, mliotoa damu, wengine mara mbili, padri na jumuiya yetu, akina mama wa chama, walimu, mashangazi kutoka Siaya na wajomba wa Vihiga, majirani mliopika na mlioangalia watoto, ndugu mlio Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Bili iliyobaki baada ya bima ilikuwa shilingi 318,000. Mlichanga 341,650, na kilichozidi kimewekwa kwa ajili ya mguu wa bandia. Yule mama aliyetuma shilingi 50 na ujumbe kwamba Baba alimshonea mwanawe sare kwa mkopo, Baba alisomewa ujumbe huo akalia.

Tunajua tumewaacha wengi. Siku zile simu zilikuwa zikizimika, majina mengine yaliandikwa kwenye karatasi za dawa na yakapotea. Kama hukujiona hapa, si kwamba hukuonekana. Tunaomba radhi sana, kwako hasa uliyekuja usiku tukakosa hata kukukaribisha kiti.

Misa ya shukrani ni Jumapili hii saa nne asubuhi, kisha chai nyumbani. Karibuni nyote.

Baba ametuagiza tuongeze jambo moja. Sare zilizookolewa zipo nyumbani, zimefuliwa moshi umetoka; leteni risiti mchukue. Ambao zenu ziliungua, njooni awapime upya. Cherehani moja ilipona, na anajifunza kuikanyaga kwa mguu wa kushoto.