Kamera moja haitoshi: barua ya wazi kwa Naibu Mkuu wa Chuo anayesimamia utafiti

Mheshimiwa,

Ombi la kununua kamera moja ya gharama kubwa ili kuchunguza matukio ya angani yasiyotambulika liko mezani kwako. Tunakusihi usilipitishe jinsi lilivyo. Utafiti wenyewe ni wa haki kabisa. NASA, shirika la anga la Marekani, iliunda jopo la watu 16 kuhusu matukio hayo, na ripoti yao ya Septemba 2023 ilitaja kikwazo bila kificho: data duni, kutoka kwenye vihisi ambavyo havikusawazishwa (yaani havikulinganishwa na vitu vinavyojulikana), zisizo na maelezo ya kutosha kuhusu namna zilivyopatikana. Kamera moja, hata iwe kali vipi, haiondoi tatizo hilo.

Kamera moja hupima pembe tu, yaani kitu kiko upande gani, si umbali wake. Mdudu aliye mita mbili mbele ya lenzi na ndege iliyo kilomita 20 vinaweza kukatiza picha kwa mwendo uleule. Umbali hupatikana pale vituo viwili vinapokiona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Vituo vikiachana kilomita 10 na kitu kikiwa kilomita 20, kukosea pembe kwa digrii 0.1 huleta kosa la umbali la mita 70 hivi; kwa digrii 1, mita 700. Saa nazo zisipishane: ndege ya abiria husafiri takriban mita 250 kila sekunde. Kwa hiyo kila fremu igongwe muhuri wa wakati kutoka kwenye kipokezi cha GPS.

Kinachosahaulika zaidi kwenye bajeti ni usawazishaji. Kamera ya mwanga wa kawaida husawazishwa kwa nyota. Kamera ndogo ya joto, inayonasa mionzi ya joto yenye urefu wa mawimbi wa mikromita 8 hadi 14, haizioni nyota, hivyo hutumia ndege zenyewe: antena ya megahezi 1090 hunasa mahali ndege inapojitangaza kuwa, kisha palinganishwe na doa lake kwenye picha. Mradi wa Galileo wa Chuo Kikuu cha Harvard, unaochunguza matukio kama haya, ulifanya hivyo kwa kamera zake nane za joto. Antena hiyohiyo husaidia kuziondoa ndege kwenye orodha ya washukiwa, ingawa si zote zinazojitangaza.

Kamera ya joto isifunikwe kwa kioo cha kawaida, maana kioo huzuia mionzi ya joto. Dirisha liwe la jemaniamu, elementi inayoipitisha. Lenzi zipashwe moto kidogo, la sivyo umande wa alfajiri utazitia ukungu. Fokasi ya kujiendesha izimwe: gizani hutangatanga, na nyota ikageuka sahani. Faili ghafi zihifadhiwe.

Tunaomba fedha hizo zigharimie vituo viwili, vitatu ikiwezekana, pamoja na mshahara wa fundi wa kuvisawazisha. Miezi ya mwanzo itumike kwa vitu vinavyojulikana, na kabla ya tangazo lolote waombaji waeleze mtambo wao hunasa ndege ngapi kati ya kila mia zinazopita, kwa umbali gani na katika hali gani ya hewa.

Wako,
Watafiti wa vihisi vya anga