Harambee ya Kuendeleza Utafiti wa Afya Mitaani

Kwa wahitimu wenzetu, wazazi, makanisa, misikiti, vyama na wakazi wote wa Nairobi,

Sisi wahitimu wa kitivo cha afya ya umma tunawaomba mchango ili watafiti wa nyanjani wa vituo vya kitivo chetu waendelee kubisha hodi nyumba kwa nyumba katika mitaa ya mabanda, kwani fedha za wafadhili wa nje zilizokuwa zikilipa nauli na posho zao zimepungua sana tangu mwaka 2025.

Thamani ya kazi hii imeonekana hapa hapa jijini. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2000 na African Population and Health Research Center, kituo chenye makao yake Nairobi, ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa katika mitaa ya mabanda, 151 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano, ilhali kiwango cha taifa kilikuwa 112 na cha Nairobi kwa jumla kama 62. Mtoto aliyedhaniwa kuwa na nafuu kwa sababu hospitali ziko karibu alikuwa hatarini kuliko mwenzake wa kijijini, na wastani wa jiji ndio uliomficha. Miaka miwili baadaye kituo hicho kilianza kuzifuatilia kaya za Korogocho na Viwandani. Hata kabla ya hapo, tangu miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao kutoka Kanada walikuwa wakiwafuatilia wanawake wa Majengo, Pumwani, ambao baadhi yao hawakuambukizwa virusi vya Ukimwi licha ya kukabiliwa navyo mara nyingi. Damu waliyoitoa ilichangia utafiti wa chanjo iliyoanza kujaribiwa Nairobi mwaka 2001, na kwa maoni yetu jiji hili bado halijawashukuru ipasavyo.

Mtafiti wa nyanjani akikaribishwa ndani, huuliza nani amezaliwa, nani amehama na nani amefariki tangu ziara iliyopita. Humzungushia mtoto utepe kwenye mkono wa juu, na ukisoma chini ya sentimita 11.5 humpa mama rufaa ya kliniki siku hiyo hiyo, kwa kuwa huo ni utapiamlo mkali. Palipotokea msiba, hurudi baada ya matanga kuuliza kwa upole homa ilidumu siku ngapi, kama pumzi zilikuwa za haraka, kama kifua kilikuwa kikibonyea ndani. Majibu hayo hupelekwa kwa madaktari wanaokadiria chanzo cha kifo, na kwa marehemu wengi waliofia nyumbani hayo ndiyo maelezo pekee yatakayobaki.

Kaya isipotembelewa kwa mwaka mzima, pengo hilo halizibiki. Wapangaji huhama, mabanda hubomolewa au kuungua, na mama aliyempoteza mtoto huenda akawa amerudi kwao mashambani kabla hatujauliza lolote. Ndiyo maana tunaomba sasa, wala si baada ya kupatikana mfadhili mwingine.

Michango italipa nauli na posho za watafiti, vifaa vya kupimia presha na sukari, na ukarabati wa friji ya sampuli. Sehemu yake, na hili tumelisisitiza sana, itagharimia mabaraza ya kuwasomea wakazi matokeo kwa Kiswahili, kwa sababu wamejibu maswali yetu kwa miaka mingi na mara nyingi ripoti zimeishia kwenye makabati ya ofisi.

Hakuna mchango mdogo, na anayetaka kutoa kidogo kidogo anaweza kuandikisha ahadi. Wanaoweza kujitolea vifaa badala ya fedha, hasa mashine za presha zinazofanya kazi, wawasiliane na kamati kwanza ili zikaguliwe. Mweka hazina atatoa risiti kwa kila shilingi, na hesabu zote zitabandikwa kitivoni na kusomwa katika mabaraza hayo, mbele ya wenyeji.

Wenu katika utumishi,
Kamati ya Harambee