Vizinga vya mwezi wa 11 tuvihamishie mwezi wa 8

Mhariri, salaam. Mimi msomaji wenu wa Isevya hapa Tabora, naomba kanafasi niongee na wenzangu wenye ndugu Marekani, hasa wale wanaokaa milimani kwenye baridi, manake kila mwaka ikifika mwezi wa 11 tunawapiga vizinga vya hela ya shamba, wasipotuma lawama zinaanza, oh fulani kabadilika, oh siku hizi hapokei simu.

Dada yangu kaolewa Vermont, jimbo la kule juu linalopakana na Kanada, na wanakaa kijijini haswa, jirani mpaka uwashe gari. Juzi kanipigia video kunionyesha theluji ya kwanza ya msimu, kafungua mlango nikaona ukuta mweupe umesimama mpaka magotini na alama za mbao za mlango zimebaki zimechoreka pale, shemeji kashika koleo anachota anatupa, anachota anatupa, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Kaja kumaliza njia ya kutolea gari, likapita lile greda la kusafisha barabara, theluji yote likaisukumia pembeni yaani palepale mdomoni mwa njia yake, akaanza upya. Nilicheka mpaka dada akakata simu.

Kijiweni wanabisha eti theluji inakuja sababu ya mlima mrefu. Wapi! Mlima mrefu kuliko yote Vermont unaitwa Mansfield, mita 1,339 tu, na sisi hapa Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na tunakula maembe. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linatupiga utosini, wao mwezi wa 12 linapita chinichini pembeni, saa kumi na robo jioni limeshazama. Kwetu ukitaka theluji upande Kilimanjaro huko juu kabisa kwenye mita 5,000 na ushee.

Sasa tuje kwenye hela. Mwezi wa 11 ndo mvua zetu zinashika, kila mtu anataka mbegu, mbolea, hela ya vibarua, na mwezi huohuo ndo nyumba ya dada inaanza kula hela vibaya. Kuni (mlidhani ni sisi tu?) wananunua lori zima, tena zinatakiwa zipasuliwe mapema zikauke kipindi chote cha joto, ukichoma mbichi masizi yanaganda kama lami ndani ya bomba la moshi, siku yakishika moto nyumba imeondoka. Matairi ya gari yanatolewa yanafungwa ya baridi. Maji yakiganda kwenye mabomba yanapasua bomba, kwa hyo usiku wa baridi kali wanaacha koki idondoke kidogokidogo mpaka asubuhi. Alafu barabarani wanamwaga chumvi ili barafu iyeyuke, chumvi bwana, kama ile ya Uvinza, malori kwa malori, na hiyo chumvi inatafuna bodi ya gari kwa chini, kutu tupu, miaka michache unatafuta gari jingine. Na shemeji ni fundi ujenzi, theluji ikishuka kazi za nje zinakata, anabaki kuokoteza okoteza mpaka mwezi wa 4 huko. Huyo ndo tunampigia simu tunamwambia mbolea imepanda.

Sisi nyumbani tumekaa kikao tukakubaliana hela ya shamba iombwe mwezi wa 8, kule joto, shemeji yuko saiti kila siku, na huku unanunua mbolea bila kusukumana na watu dukani. Mjomba mmoja tu ndo kagoma, anasema watu wenye chumvi ya kumwaga barabarani hawawezi kukosa laki mbili. Gazeti lenu huwa analisoma, nadhani na hii ataiona.

Msomaji, Isevya, Tabora