Kwa watoto wangu wanafunzi wa Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wanaokataliwa na usingizi

Watoto wangu, salamu.

Kwanza tutenganishe mambo. Anayekesha kwa kuwa megabaiti za usiku ni za bei rahisi, au kwa kuwa kuran (umeme) imerudi saa nane za usiku naye akaamka kupiga pasi, huyo si mgonjwa, amejinyima mwenyewe. Ninayemwandikia ni yule anayezima taa mapema na usingizi ukamkataa, angalau mara 3 kwa juma, hata miezi 3 ikapita. Huyo, simu yake inaweza kumsaidia, ila si usiku.

Asubuhi, kabla ya kufungua ujumbe wa watu, aandike humo: alipanda kitandani saa ngapi, anadhani alisinzia saa ngapi, aliamka mara ngapi, alitoka saa ngapi. Akadirie tu, kuchungulia saa usiku kunaongeza hofu. Juma likiisha apige hesabu. Aliyekaa kitandani masaa 9 akalala masaa 5 na nusu amelala asilimia 61 ya muda wake wa kitandani, na waganga wa usingizi wanatafuta kama 85. Dawa yake itawashangaza: apunguze masaa ya kitandani. Aamke saa ileile kila siku, hata Jumapili, na achelewe kupanda. Usingizi ukitulia, aongeze dakika 15 kila juma. Asishuke chini ya masaa 5, na mwenye kifafa au mwendesha pikipiki amwone daktari kwanza. Mtafiti wa usingizi Arthur Spielman na wenzake waliieleza njia hii mwaka 1987.

Iko programu ya simu ya bure, CBT-i Coach, iliyotengenezewa wanajeshi wa zamani wa Marekani, inayoshika hesabu hizo. Ni ya Kiingereza, nanyi mmesomea Kifaransa. Msihangaike nayo, sehemu ya kuandikia kwenye simu inatosha.

Kinachonisumbua zaidi ni vile vyumba vyenu. Meza hakuna, basi kitandani ndiko mnakosomea, mnakopigia stori, mnakolia bukari (ugali). Mwili utajuaje saa ya kulala imefika? Simamisheni bidoni tupu la lita 20 karibu na mlango, mkae hapo kusoma. Na usiku usingizi ukikataa, inuka ukae hapohapo, bila simu, mpaka macho yawe mazito. Simu yenyewe ichajiwe mbali na kitanda, kengele ikiwa juu, ili asubuhi kuizima kukulazimishe kusimama.

Mzee wenu, Katuba