Nyimbo za Korea za 2024, kwa Zuhura

Dar es Salaam, 22 Desemba 2024

Zuhura mwenzangu,

Salaam nyingi kwako na kwa wote nyumbani Paje. Uliniuliza mambo mawili: nyimbo zipi za Korea za mwaka huu uziweke kwenye simu, na kwa nini ukijaribu kuziimba maneno hayakai mdomoni. Nakujibu yote kwa pamoja, kwa sababu kwangu mimi mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa nyimbo za kinywa. Zilizodumu ni zile ambazo ulimi wenyewe unataka kuzirudia.

Wa kwanza, na simpi mtu nafasi ya kunibishia, ni "Bam Yang Gang" wa BIBI, mwimbaji wa kike wa Korea, uliotoka tarehe 13 Februari. Maneno na muziki wake ni kazi ya mwanamuziki Jang Kiha. Usikilize kwa kuhesabu moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, kwa kuwa ni walzi. Ukipiga makofi kwa mapigo manne kama ulivyozoea, utapotea kabla ubeti haujaisha. Jina lake ni la kitamutamu cha Korea: maharage yaliyopondwa, sukari, kokwa ziitwazo bam, vikagandishwa kwa mwani (si ule mnaolima ninyi, ni wa aina nyingine) na kukatwa vipande kama sabuni ndogo. Katika wimbo, mpenzi anayeondoka anadai mwenzake alitaka makubwa mno. Mwenzake anajibu kwamba alichotaka ni kimoja tu, kitamu hicho. Hakuna kelele wala kulia kwa sauti, na ndiyo maana unachoma.

Sasa matamshi, maana hapo ndipo tunapokosea sisi Waswahili. Maneno ya Kikorea yakiandikwa kwa herufi zetu, tunayasoma kwa desturi yetu. "Ng" yao si ya ngoma, ni ya ng'ombe. Kwa hiyo sema yang', na silabi ya mwisho ni geng', kwa sababu huandikwa "gaeng" na "ae" yao ni kama e yetu. "Eo" si e ikifuatiwa na o, ni irabu moja, kama o ya mdomo uliopanuka. "Eu" nayo ni irabu moja: toa sauti ya u huku midomo umeinyoosha kama unayetamka i. Hata Ningning wa aespa, kundi la wasichana, ni Ning'ning'. Dawa ya kudumu ni kujifunza Hangul yenyewe, yaani alfabeti ya Kikorea. Konsonanti za msingi ni 14 na irabu 10, basi. Anza na irabu, kwa sababu makosa yetu mengi yako huko.

Ukishaiweza "eu", "APT." utakuwa wako. Rosé wa kundi la BLACKPINK na Bruno Mars wa Marekani waliutoa tarehe 18 Oktoba, na wiki yake ya kwanza ulishika nafasi ya 8 kwenye chati kuu ya Marekani. Neno linalorudiwa ni apateu, yaani jengo la ghorofa. Mswahili akilisoma hupata silabi nne, a-pa-te-u, na hapo anachelewa mdundo. Ni tatu: a-pa-teu. Wimbo umejengwa juu ya mchezo wa Wakorea wanapokunywa. Watu huimba neno hilo, kisha kila mmoja anaweka mikono yake miwili kwenye rundo. Kiongozi anataja ghorofa, tuseme ya 23. Mkono wa chini kabisa unachomolewa na kuwekwa juu, mmoja baada ya mwingine, huku mkihesabu. Wa 23 ni wa nani? Huyo anakunywa. Mkiwa watano mna mikono 10, kwa hiyo 23 itaangukia mkono wa tatu kutoka chini, baada ya mizunguko miwili kamili. Kiongozi mwenye hesabu anaweza kumlenga mtu, basi mwambieni ataje namba kabla mikono haijapangwa. Wao hunywa soju, pombe ya Kikorea. Ninyi wekeni juisi ya ukwaju.

"Supernova" wa aespa wengi wanauita wimbo wa mwaka, na sishangai. Ulitoka tarehe 13 Mei na ukakaa juu ya chati ya wiki ya Melon, huduma ya muziki mtandaoni ya Korea, kwa wiki 15. Kilichoubeba ni ile "su-su-su" inayogonga kama ngoma kabla neno halijakamilika. Unapoutafuta usiuchanganye na "Supernatural" wa kundi la NewJeans, uliotoka Juni kwa ajili ya Japani. Epuka pia nakala zilizoongezwa kasi, ambazo sauti zake huwa nyembamba kama za watoto. "Whiplash", wa aespa haohao, wa Oktoba, usiusikilize kamwe kwa spika ya simu. Uzuri wake wote uko kwenye besi, na spika ndogo haiwezi kutoa besi ya chini, kwa hiyo utabaki na sauti zinazoelea hewani na utasema wimbo hauna kitu. Vaa spika za masikioni.

Kuna neno utalikuta sana, yeokjuhaeng, yaani kuendesha gari kinyume cha wengine. Wanalitumia kwa wimbo uliotoka kimya kisha ukapanda chati baadaye, wakati wenzake wanashuka. Mwaka huu wenye neno hilo ni DAY6, bendi inayopiga vyombo yenyewe. Albamu yao ya Machi ilitangazwa kwa "Welcome to the Show", lakini "Happy", wimbo wa ndani, nao ukapanda, ukazivuta hadi nyimbo zao za 2017 na 2019. Mdundo wake unakimbia kwa furaha na maneno yake ni ya mtu aliyechoka. "Fate" wa kundi la (G)I-DLE ulipita njia hiyohiyo. Ongeza na "T.B.H" wa QWER, bendi ya wasichana wanne.

"Magnetic" wa kundi la ILLIT ni mwepesi kuliko yote na unafaa asubuhi. Hauko juu kwangu, lakini usiuache.

Na kuhusu saa: Korea imetutangulia kwa saa sita. Nyimbo nyingi hutoka huko saa kumi na mbili jioni, yaani saa sita mchana kwetu, kwa sababu tangu 2017 chati zao haziuingizi papo hapo wimbo unaotolewa usiku wa manane. Zinazolenga Marekani hutoka Ijumaa, saa moja au saa mbili asubuhi yetu, kutegemea majira yao, maana kule ndiyo saa sita usiku na wiki ya chati inaanza. Kwa hiyo ukiona tangazo la Ijumaa, nunua bando Alhamisi.

Anza na BIBI, kisha DAY6, "APT." uuweke mwisho mkiwa wengi. Niandikie "eu" ikikukubali.

Wako,
Neema