Mama, Muulize Bibi Habari ya Chungu Kipya

Bristol, Uingereza

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nifikishie na kwa Bibi shikamoo yangu. Mimi ni mzima, baridi imeanza kukaza lakini koti ninalo na ninakula vizuri.

Juzi Mjomba aliniuliza kama ni kweli nimevuka bahari kuja kusomea mapishi ya watu waliokufa miaka 700 iliyopita. Ni kweli, ila simu ilikatika kabla sijamjibu. Msomee barua hii, na Bibi naye awepo, kwa sababu mwishoni nina shida naye.

Chakula cha wafalme wa hapa kinajulikana. Karibu na mwaka 1390 wapishi wa Mfalme Richard wa Pili waliandika mapishi yao, na tunayo mpaka leo. Ndani yake mna zafarani, tangawizi, mdalasini, pilipili manga na karafuu. Mjomba asije akadhani karafuu ile ilitoka Unguja au Pemba. Mikarafuu ilipandwa kwetu karne ya 19, na hiyo ya wafalme ilitoka visiwa vya Maluku, mbali kule mashariki. Siku za mfungo, ambazo Kanisa liliwakataza nyama, na wakati wa Kwaresima hata maziwa na mayai, matajiri walipikia tui la lozi. Walizitwanga, wakatia maji, wakakamua na kuchuja, kama sisi na nazi. Vipimo hawakuandika. Aliyeandika alikuwa anamwandikia mpishi mwenzake, ambaye mkono wake ulishajua.

Watu hupenda kusema viungo vile vilikuwa vya kuficha nyama iliyooza. Nalikataa jambo hili kila ninapolisikia. Viungo vilikuwa ghali kuliko nyama, na mwenye uwezo wa kununua zafarani hakosi nyama mbichi. Tena London muuza nyama mbovu alifungwa kwenye mti wa aibu mbele ya watu, na nyama yake ikachomwa chini ya pua yake.

Lakini mimi sikuja kwa ajili ya mfalme. Mkulima aliyemlisha mfalme hakuna aliyemwandikia chakula chake. Yeye hakujua kuandika, na waliojua hawakuona sababu. Kilichobaki kwake ni mbegu zilizoungua motoni, mifupa yenye alama za kisu, na vigae vya vyungu. Basi tunaanzia hapo.

Kuna kijiji kiliitwa West Cotton, huko Northamptonshire, ambacho wenyewe walikihama zamani sana. Kilichimbwa miaka ya 1980. Watafiti wa chuo kikuu cha hapa Bristol walichunguza vyungu 73 vya pale, wakatoa matokeo mwaka 2019: nyama ya ng'ombe na ya kondoo iliyochemshwa pamoja na kabichi na liki, mboga ya jamii ya kitunguu, na maziwa pia, ambayo huenda yalikuwa jibini. Hakuna viazi, nyanya, mahindi wala pilipili hoho, maana vyote hivyo vilitoka Amerika baadaye. Hata kwetu pwani havikuwapo enzi hizo, wala muhogo haukuwapo. Mnapokaa kula ugali wa sembe na mchuzi wa nyanya, jueni kwamba babu zetu wa wakati ule hawakuuonja.

Sasa kigae kinasemaje hayo yote? Chungu cha udongo mtupu kina vitundu vidogo visivyoonekana, na kila kikipikiwa hunywa mafuta. Mafuta hayo hukaa humo mamia ya miaka, hata maelfu. Ninashika kigae kisichozidi nusu ya kiganja, nakwangua ngozi yake ya juu ili kuondoa uchafu wa ardhini na wa mikono ya waliokishika, halafu nasaga gramu 2 hivi kuwa unga. Unga huo unaoshwa kwa kemikali, mafuta yanatoka, na mashine inayatenganisha aina kwa aina. Ukipima kaboni iliyomo unajua kama ni mafuta ya nyama ya ng'ombe au ya maziwa yake. Kabichi nayo ina nta yake juu ya jani, na nta hiyo haifanani na ya mboga nyingine nyingi. Miaka ya 1990 watafiti wa fani hii walichemsha kabichi katika vyungu vipya, tena na tena, kisha wakavipima ili wajue nta hiyo inajikusanya wapi. Ikawa ni juu, upande wa mdomo, kwa sababu mafuta huelea. Bibi hilo analijua bila mashine.

Maabara peke yake haitoshi, ndiyo maana tunapika. Nilikwenda Sussex kwenye jumba la makumbusho la Weald and Downland, ambako kuna nyumba iitwayo Bayleaf, ya mwanzoni mwa karne ya 15. Waliibomoa kule Kent ilikokuwa, wakaijenga upya hapo ubao kwa ubao. Moto uko katikati ya sakafu na hakuna dohani. Moshi unapanda wenyewe mpaka darini. Ukisimama macho yanawasha, ukiketi chini unapumua vizuri. Nilikaa pale muda mrefu nikawaelewa watu wake kuliko nilivyowaelewa vitabuni.

Baadaye nikajiunga na kikundi cha watu wanaoigiza maisha ya kale, tukapika nje kondoo na liki katika vyungu vilivyofinyangwa kwa mfano wa vile vya West Cotton. Tulikiegesha chungu kando ya moto, tukikisogezea makaa kidogo kidogo, kwa kuwa ukikiingiza ghafla kwenye ndimi za moto kinapasuka. Mchuzi ulipokuwa tayari, nje ya chungu masizi yalikuwa upande mmoja tu. Nimeona vigae vya kale vyenye masizi hivyo hivyo, na sasa najua mpishi alikuwa amekaa upande gani.

Hapo ndipo lilipozuka jambo linaloninyima usingizi. Kabla ya kupika, mkubwa wa kikundi alichemsha maziwa ndani ya vyungu vyote vipya, ili kuziba vitundu visivuje. Nikawaza: chungu hiki kikivunjika, mtu akaja kukipima miaka 700 ijayo, atasema hapa palipikwa maziwa, kumbe palipikwa kondoo. Je, vyungu vya West Cotton navyo vilizibwa kwa kitu gani? Na vya Kilwa? Ibn Battuta, msafiri wa kale kutoka Morocco, alipopita pwani yetu mwaka 1331 aliandika alivyokirimiwa Mogadishu: wali wa samli, kuku, nyama, samaki, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi na maembe. Hicho ni chakula cha wageni wa sultani. Mvuvi alipika nini, na chungu chake alikiandaaje, hakuandika.

Kwa hiyo nakuomba umuulize Bibi. Akinunua chungu kipya anakitia nini kwanza: uji, majani, machicha ya nazi? Anakichemsha kwa muda gani, na anajuaje kwamba kimeiva? Cha mchuzi na cha uji anaviandaa sawasawa? Nani alimfundisha, na wa huko kwao bara walifanya vipi? Dada arekodi kwa simu, na Bibi asikatizwe hata akitoka nje ya swali.

Vile vyungu vya zamani vilivyoko nyuma ya jiko msivitupe wala msivisugue, hata vilivyopasuka. Nikija likizo nitakaa naye tupike, na nitakuja na mizani na daftari.

Wasalimie wote, na Mjomba.

Mwanao akupendaye