Mnatuambia tusibofye, wakati hakuna cha kubofya

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia, ila habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu kasoro ya Windows imenikera. Mliimaliza kwa kutuasa tusibofye viungo tusivyovijua. Ushauri huo hauhusiani na kasoro hii hata kidogo! Kasoro yenyewe, iliyosajiliwa kwa namba CVE-2024-38063, ambayo Microsoft ilitoa dawa yake Agosti 13, 2024 na kuipa uzito wa 9.8 kati ya 10, haimhitaji mtu abofye chochote. Mshambuliaji anatuma pakiti (vifurushi vidogo vya data) zilizochezewa kupitia IPv6, mfumo mpya wa anwani za mtandao, na kompyuta inaweza kutii amri zake hata kama hakuna aliyeketi mbele yake. Na IPv6 kwenye Windows huja ikiwa imewashwa. Dawa ni kusasisha. Hilo hamkulisema.

Nina sababu ya kukasirika. Ninatunza hesabu za chama cha akiba na mikopo. Baada ya kusikia taarifa hizi nilimwita fundi wetu asasishe mashine ya ofisi, akanijibu, "Mama, hizo apdeti nilishazizima, zinakula bando bure." Kazizima! Kwenye mashine yenye kumbukumbu za akiba za akina mama wauza mboga, bila kumuuliza yeyote, na bado anashikilia kwamba antivairasi inatosha. Wala si yeye peke yake. Kompyuta za mtumba zinauzwa zikiwa na Windows ya wizi, masasisho yamefungwa, risiti hupewi, na ukirudi kulalamika unaambiwa uliijaribu ukaridhika. Mmesahau WannaCry, ile programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia? Dawa ya kasoro ile ilitoka Machi 2017. Kufika Mei mashine ambazo hazikusasishwa zilikuwa zimefungwa na wadai fidia, na hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu ya wagonjwa.

Microsoft hutoa masasisho Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwetu huku ikiwa tayari usiku. Basi kila Jumatano inayofuata, kando ya viwango vya kubadilisha fedha, wekeni kisanduku chenye maneno haya: "Sasisha kompyuta yako leo, kisha izime na kuiwasha." Na mwandishi wenu wa teknolojia azibane kampuni za simu zipitishe masasisho ya usalama bila kukata bando, mafundi wakose kisingizio.

Mweka hazina,
Morogoro